Uvimbe wa titi kwa mama aliyewahi kuugua saratani ya ovari: ni mpya, au ile ya zamani imehamia?

Swali: "Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 58. Miaka mitatu iliyopita alifanyiwa upasuaji wa saratani ya ovari, akamaliza dawa za dripu, na vipimo vikawa vizuri. Mwezi uliopita amegusa uvimbe kwenye titi la kulia na mwingine mdogo kwapani. Altrasaundi ilisema uvimbe wa titi ni wa mviringo, una kingo laini, huenda si kitu kibaya. Wakachukua kinyama kwa sindano, jibu likaja: saratani, vipokezi vya estrojeni vipo. Daktari mpasuaji amepanga kuondoa titi lote. Daktari wa saratani aliyemtibu mwanzo anasema tusubiri, huenda ni ile ya ovari imehamia. Hatujui tumsikilize nani. Saratani ya kwingine inaweza kweli kuhamia kwenye titi? Na inajulikanaje?"

Jibu:

Marahaba, binti. Nianze na lile lenye tarehe. Mwombeni daktari mpasuaji asogeze mbele siku ya upasuaji mpaka swali la mwenzake lijibiwe. Wiki moja au mbili za kutafuta jibu sahihi hazitamharibia mama matibabu. Titi likishaondolewa limeondoka, na kama saratani hii imetoka kwenye ovari, kulikata hakutamponya. Atabaki anauguza kidonda huku dawa inayomfaa ikisubiri kidonda kipone.

Inawezekana kweli ikawa imehamia. Si jambo la kila siku, maana katika saratani 100 zinazokutwa kwenye titi, zilizotoka kiungo kingine cha mwili kwa kawaida hazizidi mbili. Mimi ni mtaalamu wa patholojia, kazi yangu ni kutazama vinyama kwenye hadubini, na hata kwangu wagonjwa wa namna hii ni wa kuhesabika. Mwaka 1889 mpasuaji mmoja wa London, Stephen Paget, aliandika kwamba chembe za saratani ni kama mbegu: zinapeperushwa kila upande, lakini huota pale tu udongo unapozikubali. Yeye alikuwa akifuatilia saratani ya titi inapendelea kuhamia wapi. Wewe unauliza safari ya kinyume, na kwa safari hiyo titi ni udongo mgumu kidogo: sehemu kubwa yake ni nyuzi na mafuta, na damu inayopita humo si nyingi kama ya ini au mapafu.

Mbegu chache zinazoota humo zinajulikana zinatoka wapi. Mara nyingi ni titi la upande wa pili. Ukiliweka hilo kando, zipo limfoma na saratani nyingine za damu, melanoma ya ngozi, mapafu, ovari, tumbo, figo, na uvimbe wa chembe zinazotengeneza homoni ndani ya utumbo. Kwa wanaume ni tezi dume. Kwa wasichana wadogo, saratani ya misuli iitwayo rabdomiosakoma. Kwa hiyo daktari wa saratani hakubahatisha. Ovari imo kwenye orodha, hasa ile aina iitwayo serasi ya daraja la juu, yaani kali, ambayo ndiyo inayowapata wanawake wengi wenye saratani ya ovari.

Ila usimwone mpasuaji kuwa amekosea kufikiri. Mwanamke aliyewahi kuugua ovari anaweza kabisa kupata saratani mpya ya titi, isiyo na uhusiano na ile ya kwanza, na kuna familia ambazo hizi mbili huandamana kwa sababu ya jeni zinazoitwa BRCA1 na BRCA2. Mwenye kasoro ya BRCA1 ana uwezekano wa takriban 7 kati ya 10 wa kupata saratani ya titi kabla ya kufika miaka 80, na zaidi kidogo ya 4 kati ya 10 wa kupata ya ovari. Unaona mtego ulipo: historia ileile ya mama inayotufanya tufikirie saratani imehamia, ndiyo hiyohiyo inayotufanya tufikirie saratani mpya. Historia inatuambia swali gani la kuuliza. Jibu liko kwenye kinyama.

Picha nazo zinasema nusu tu. Saratani nyingi za titi lenyewe hukaa kwa kujivutavuta: zina miiba pembeni, zinavuta ngozi au chuchu ndani, na mara kwa mara zina vidonge vidogovidogo vya chokaa vinavyoonekana kwenye mamografia, yaani eksirei ya titi, kama chumvi iliyomwagika. Mkono ukizishika huhisi kitu kikubwa kuliko kile kinachoonekana kwenye picha, kwa sababu nyuzi zinazoizunguka saratani zimekakamaa pamoja nayo. Iliyohamia kwa njia ya damu haina tabia hizo. Ni duara kama gololi, kingo zake ni laini, iko karibu na ngozi lakini haiivuti, na ukubwa unaoushika kwa vidole ndio ule ule wa kwenye picha. Ndiyo maana aliyempima mama altrasaundi aliona kitu kinachofanana na faibroadenoma, ule uvimbe usio na madhara wanaoupata sana wasichana. Sina ugomvi naye kwa hilo. Lakini uvimbe mpya wa mviringo kwa mama wa miaka 58 aliyewahi kuugua saratani hauitwi faibroadenoma mpaka kinyama kiseme hivyo, na nafurahi kwamba kuna aliyesisitiza kichukuliwe.

Je, umbo hilo la gololi halitoshi kuthibitisha kwamba imehamia? Halitoshi. Saratani za titi zinazotokana na BRCA1 nazo hupenda kuwa za mviringo zenye kingo laini. Tena ovari ina vituko vyake: ni miongoni mwa saratani chache za nje ambazo zinaweza kuacha chokaa ndani ya titi, kwa hiyo hata chokaa ikionekana kwenye mamografia haimvui ovari shutuma. Na ikipita njia ya mishipa ya limfu badala ya damu, haifanyi gololi hata kidogo. Titi zima huvimba, ngozi huwa nene na nyekundu kama ganda la chungwa, mtu akadhani ni ile saratani kali ya titi inayofanana na uambukizo. Uvimbe wa kwapani alionao mama nao hauamui, maana saratani ya titi hupita kwapani na ya ovari ikifika titini hupita kwapani vilevile.

Basi twende maabara.

Kinyama kikifika kwetu hugandishwa ndani ya kipande cha nta kiitwacho bloku, hukatwa vipande vyembamba vinavyowekwa kwenye vioo viitwavyo slaidi, hutiwa rangi mbili za kawaida, zambarau na waridi, kisha tunatazama. Kitu cha kwanza ninachokitafuta ni saratani ambayo bado imefungiwa ndani ya mirija ya maziwa, haijatoboa kutoka nje. Nikiiona pembeni ya saratani iliyokwisha kuenea, na chembe zake zikifanana, nina ushahidi mzito kwamba huyu ni mwenyeji, amezaliwa hapahapa. Mgeni hukuta mirija mizima na kukaa katikati yake, au hujaza mishipa midogo ya limfu kuliko kawaida. Tatizo ni kwamba sindano huchukua vijiti vyembamba vichache tu. Nisipoiona mirija yenye saratani, pengine haipo, na pengine sindano ilipita pembeni yake.

Halafu kuna sura. Ile serasi ya ovari hujipanga kama vidole au vichipukizi vidogo, wakati mwingine ikiwa na punje za chokaa zenye duara ndani ya duara, mfano wa kitunguu kilichokatwa. Sasa, zipo saratani za titi lenyewe zinazojipanga hivyohivyo. Ukiniwekea slaidi mbili mezani, moja ya titi na moja ya ovari, bila kuniambia lolote, kuna siku nitakosa. Nasema hivi kwa sababu nimeshakosa.

Miaka kadhaa nyuma nilipokea kinyama chenye fomu iliyoandikwa maneno machache tu: uvimbe, titi la kushoto, saratani? Nikatazama, nikaona saratani ya daraja la tatu, nikaagiza vipimo vitatu vya kawaida vya titi, yaani vipokezi (protini zinazopokea homoni) vya estrojeni, vya projesteroni, na protini nyingine iitwayo HER2. Estrojeni ikawaka vizuri. Nikaandika saratani ya titi, nikatia sahihi, nikaendelea na sinia iliyofuata. Siku chache baadaye daktari mmoja akanipigia simu: "Huyu mama ulimjua kwamba aliondolewa ovari?" Sikumjua. Nilirudi kwenye bloku ileile ya nta, nikakata vipande vingine, nikaongeza vipimo viwili, na jibu likageuka lote. Aliyejaza fomu hakuandika, lakini mimi nami sikuuliza, na umbo la zile chembe lilipaswa kunifanya niulize. Tangu siku hiyo, kinyama cha titi kisichokuwa na historia ya mgonjwa nakipigia simu kwanza.

Nimekusimulia haya kwa sababu ya yale maneno kwenye ripoti ya mama: vipokezi vya estrojeni vipo. Watu wengi, wakiwemo madaktari, wakiyasoma hufunga mjadala. Estrojeni ipo, basi ni titi. Sivyo. Zaidi ya nusu ya saratani za ovari za aina ya serasi nazo zina vipokezi vya estrojeni. Kipimo hicho kinafaa sana kuchagua dawa pale tunapokwisha kujua kwamba ni saratani ya titi. Kuutambua ukoo wa saratani kati ya titi na ovari, hakifai.

Vinavyofaa vipo. Kila kiungo, hata kikigeuka saratani, hubaki na baadhi ya protini za ukoo wake, na sisi tunazitafuta kwa kingamwili zilizofungwa rangi ya kahawia. Protini ikiwepo, kiini cha chembe kinakuwa kahawia. Isipokuwepo, kinabaki buluu. Kati ya titi na ovari, majina ya kukumbuka ni matatu: PAX8, WT1 na GATA3. Ovari ya aina ya serasi huwaka PAX8 na WT1, na GATA3 kwa kawaida haiwaki. Titi ni kinyume: GATA3 inawaka, PAX8 haiwaki. Kwa mama yako kuna jambo zuri hapa. Saratani za titi zenye vipokezi vya estrojeni karibu zote huwaka GATA3, tena kwa nguvu. Kwa hiyo kama uvimbe wake una estrojeni lakini GATA3 ikakataa kabisa, hiyo ni kengele kubwa, na PAX8 ikiwaka hapohapo kesi imekaribia kwisha.

Nimesema imekaribia, kwa kuwa hakuna kingamwili isiyo na ujanja wake. WT1 huwaka pia kwenye baadhi ya saratani za titi zinazotoa ute, ndiyo maana haipimwi peke yake. GATA3 huwaka pia kwenye saratani ya kibofu cha mkojo. PAX8 ni ya ovari, lakini pia ya figo, ya tezi ya shingo na ya mji wa mimba. Na ingekuwa saratani ya titi isiyo na kipokezi chochote, GATA3 ingeweza kufifia, tukalazimika kuongeza protini nyingine, SOX10 au TRPS1. Nayo SOX10 ni alama ya melanoma pia, kwa hiyo asiye mwangalifu hutoka shimo moja akaingia jingine. Ndiyo sababu tunaagiza kundi la vipimo na kuyasoma majibu pamoja, tukitazama na sura ya chembe. Kuna maabara zinazokimbilia protini za CK7 na CK20 kwa mazoea. Kwa swali lenu ni kupoteza nta: titi na ovari zote mbili huwa na CK7 na hukosa CK20. Hata protini ya p53 haitasaidia sana, kwani huharibika karibu kwenye kila serasi ya daraja la juu na kwenye saratani nyingi kali za titi pia.

Uliza pia kinyama kilichukuliwa kwa sindano ipi. Ile nyembamba inayonyonya chembe tu inatosha kusema kuna saratani, lakini mara nyingi haibakizi nyama ya kufanyia vipimo hivi. Ile nene, inayotoa vijiti vya nyama, ndiyo tunayoitaka. Kwa kuwa mama amepimwa vipokezi, huenda ilikuwa nene, na bloku iliyobaki inatosha. Ikibidi kurudia, kinyama kiingie kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia nyama, mapema, ndani ya saa moja, na kikae humo si chini ya saa 6 wala zaidi ya 72. Kinyama kilicholowa maji ya chumvi siku nzima kikisubiri fomalini kinaweza kukataa kuwaka hata kama protini ilikuwepo.

Lakini kama ningekuwa na nafasi ya kuomba kitu kimoja tu, nisingeomba kingamwili yoyote. Ningeomba bloku ya ovari ya miaka mitatu iliyopita. Nta inakaa miaka mingi bila kuharibika, na hospitali nyingi huitunza. Kuweka slaidi ya zamani na mpya bega kwa bega chini ya hadubini moja, na kuzipima kwa kingamwili zilezile siku ileile, kunajibu maswali ambayo ripoti peke yake haijibu. Nendeni pale alipofanyiwa upasuaji wa ovari na barua ya daktari wake, muombe bloku au slaidi pamoja na nakala ya ripoti ya patholojia. Mkipata ripoti, tazameni imeandika aina gani. Nimekuwa nikizungumza kana kwamba ni serasi, kwa kuwa ndiyo ya kawaida. Kama ilikuwa aina nyingine, kwa mfano ile ya kutoa ute, PAX8 na WT1 zinaweza zisiwake vizuri hata kwenye ovari yenyewe, na mtaalamu atalazimika kubadili mbinu.

Wakati maabara ikifanya hayo, daktari wa saratani huenda akaagiza picha za CT za kifua, tumbo na nyonga, na kipimo cha damu cha protini iitwayo CA-125. CT ina maana sana, sababu ovari inapofika titini mara nyingi inakuwa imeacha alama kwingine, kwenye utando wa tumbo au tezi za limfu. Sehemu hizo zikiwa safi kabisa, mizani inaelekea kidogo upande wa saratani mpya, ingawa haiangukii huko. CA-125 msiitegemee kuamua. Iliyopanda sana inanifanya niegemee ovari, lakini saratani ya titi nayo huweza kuipandisha. Namba ambayo ni yenu peke yenu ni ile aliyokuwa nayo mama alipougua mara ya kwanza na jinsi ilivyoshuka kwa dawa. Kama makaratasi hayo yapo, yapelekeni.

Jambo jingine la kumuuliza mama mwenyewe, kwa upole: amewahi kukatwa kidoa au kinundu cha ngozi, kwenye unyayo, chini ya kucha, popote, kikatupwa bila kupimwa? Watu hawalihesabu hilo kuwa ugonjwa. Melanoma inaweza kulala miaka zaidi ya 10 kisha ikatokea titini, na figo nayo ina tabia hiyo. Sidhani ndiyo habari ya mama yako, ila swali halina gharama.

Sasa kwa nini tunasumbuka hivi? Kwa sababu njia zinaachana kabisa. Ikiwa ni saratani mpya ya titi, huenda ikawa bado inaponyeka, na mpango wa mpasuaji unarudi mezani, pamoja na uchunguzi wa kwapa, pengine mionzi, na vidonge vya kuzuia homoni kwa miaka kadhaa. Ikiwa ni ya ovari, hiyo ni saratani iliyorudi na kusambaa, na tiba yake ni dawa zinazozunguka mwili mzima. Mama alimaliza dawa zaidi ya miezi 6 iliyopita, na kwa kipimo wanachotumia madaktari wa saratani, hiyo inampa nafasi nzuri ya ugonjwa kuitikia tena dawa za jamii ya platini kama kaboplatini. Upasuaji wa titi hapo hubaki kwa uvimbe uliochubuka au unaomtesa kwa maumivu, wala hakuna sababu ya kumchokonoa kwapani na kumwachia mkono unaovimba.

Ukimwendea daktari, usiulize kwa jumla "ni ya titi au ya ovari?" Uliza hivi: mtaalamu wa patholojia aliambiwa kwamba mama aliugua ovari? PAX8, WT1 na GATA3 zimepimwa? Slaidi za zamani zimelinganishwa na hizi? Kama lolote kati ya haya halijafanyika, ombeni lifanyike kwenye bloku iliyopo, bila kumchoma mama tena. Mpasuaji muungwana hatakasirika. Wengi wao hushukuru.

Mwisho ni juu yako wewe. Vyovyote jibu litakavyokuwa, mama apimwe BRCA kama hajapimwa alipougua ovari. Kuna vidonge, kama olaparibu, ambavyo nguvu yake kubwa iko kwa wenye kasoro hiyo, kwa hiyo kipimo ni cha matibabu yake kabla hakijawa cha ukoo. Wewe usikimbilie kupima kabla yake. Ukipima wa kwanza ukakutwa huna kitu, hatutajua kama hukurithi kasoro ya mama, au katika familia yenu hakukuwa na kasoro inayoonekana tangu mwanzo. Akipima yeye ikapatikana, maabara itajua herufi gani hasa ya jeni ya kutafuta kwenye damu yako, na hapo "huna" itakuwa na maana ya huna.